Nguvu za Shujaa na Uzito wa Hadithi: Tuwasomeje Liyongo na Wenzake?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya 3, ningependa tuliangalie swali moja ambalo vitabu vyetu vya fasihi simulizi hulipita kwa haraka. Vitabu hivyo hutufunza kuwa shujaa wa mighani huwa na nguvu zisizo za kawaida, huwa na siri ya nguvu hizo, husalitiwa na mtu wa karibu naye na aghalabu hufa kifo cha kuhuzunisha. Mtahiniwa huyakariri hayo, akayaandika, akapata alama zake. Ni nadra sana kuulizwa kwa nini sifa hizi huandamana. Kwa nini mwenye nguvu kupindukia sharti awe na siri? Kwa nini adui anayemuua hatoki mbali? Tumezoea kujibu kuwa jamii ndivyo ilivyoamini. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kazi ya mtambaji mwenyewe. Nguvu za shujaa humletea mtambaji shida ya utunzi, na sifa tunazozikariri ni njia alizozipata za kuitatua.

Shida yenyewe ni hii. Hadithi haiendi bila mgogoro, na mgogoro haumshiki msikilizaji bila shaka ya namna fulani: je, atapita au hatapita? Shujaa asiyepenya mkuki wala mshale huiua shaka hiyo kabla hadithi haijaanza. Hadhira ikishajua kuwa hakuna wa kumweza, mtambaji atakuwa na kazi gani tena?

Nimesahihisha insha nyingi za wanafunzi wa kisiwa hiki cha Mombasa, na jambo hili hulidhihirisha wenyewe. Waambie waandike kisa cha shujaa, na wengi watakuletea mtu arukaye angani, avunjaye kuta kwa ngumi, aonaye yaliyofichika. Mmoja alimpandisha shujaa wake juu ya kuta za Ngome ya Yesu, akamwona mwizi kule Bandari ya Kale, akaruka, akamkamata, akamkabidhi kwa polisi. Aya moja na nusu, hadithi imekwisha. Zilizosalia ni za karamu ya kumpongeza, na mwenye kuandika alijitahidi sana kuieleza biriani. Mwanafunzi mwingine wa darasa hilohilo aliandika juu ya kijana hamali wa mkokoteni katika Marikiti, anayetakiwa kufikisha mzigo Kibokoni kabla duka halijafungwa ili apate pesa za dawa ya nyanya yake. Kurasa tatu, na mimi msomaji nilitaka kujua kama gurudumu lile bovu litafika.

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na mifano hiyo kuwa shujaa dhaifu huzaa hadithi nzuri na shujaa mwenye nguvu huzaa hadithi mbovu. Walimu kadhaa nimewasikia wakiwaambia wanafunzi hivyo: punguza nguvu. Mimi sikubaliani nao, na shahidi wangu wa kwanza ni Fumo Liyongo.

Liyongo ndiye shujaa mkuu kupita wote katika masimulizi ya Waswahili wa mwambao wa kaskazini. Wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, na kwa kazi yetu hapa hilo si neno. Kisa chake kilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyiko wake wa ngano za Waswahili mwaka 1870, na utenzi unaofahamika zaidi juu yake ni ule wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913. Humo nguvu za Liyongo hazina kiasi. Wagala walipofika Pate na kusimuliwa habari zake, walitaka kumwona kwa macho. Akawajia na mzigo wake, akapiga panda hadi likapasuka, kisha akaanza kutoa vitu mfukoni: kinu, mchi, mawe ya kusagia, vyungu, vyote vya kuwatosha watu wengi, vyote vikiwa mzigo wa mtu mmoja. Wagala wakataka wapate mbegu yake, wakamwoza binti wao. Hapo tuko katika chuku kamili, na hadhira hucheka kwa mshangao. Lakini tazama mtambaji anafanya nini baada ya hapo. Hampeleki Liyongo vitani. Katika utenzi mzima hutakuta pambano kubwa la silaha ambalo linaamua hatima yake. Mtambaji amekwisha kutuonyesha nguvu hizo ili atupeleke mahali ambapo hazisaidii.

Chukua tukio la mkoma. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo kwa ajili ya kiti chake, na watu wanapanga hila: waende porini kula makoma, kila mmoja apande mti kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika wamlenge akiwa juu mtini. Nguvu za mikono hazimfai mtu aliyeukumbatia mti. Anajiokoa kwa kuwa anatambua hila, anauvuta upinde wake na kuyaangusha makoma akiwa chini. Nguvu za upinde zipo, ila kilichotangulia ni akili.

Kisha njoo gerezani. Hapa ndipo ninapowasihi walimu wakae sana, kwa maana ni tukio bora kuliko yote katika kisa hiki na mara nyingi darasani tunalisimulia kwa sentensi mbili. Liyongo amefungwa minyororo, na walinzi wako mlangoni. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi, Saada, na walinzi huchagua kilicho kizuri wakala wao, wakamwachia makombo. Dhuluma hiyo ndogo, ya tumbo tu, ndiyo inayomwokoa. Liyongo anamtumia mama yake ujumbe kwa njia ya ushairi: aoke mkate wa wishwa na atie tupa ndani yake. Walinzi wanauona mkate wa wishwa, wanaudharau, unapita. Bado kuna shida nyingine: tupa ikikereza chuma hulia. Basi Liyongo anaomba, kabla ya kuuawa, wamchezee gungu, na ngoma na matari na siwa viwepo. Mji mzima unakuja kucheza, na chini ya kelele ile chuma kinakatwa.

Jiulize: mtambaji angeweza kusema tu kuwa Liyongo aliikata minyororo kwa mikono? Angeweza. Aliyebeba kinu na mawe ya kusagia mfukoni hashindwi na mnyororo. Kwa hesabu ya nguvu, tukio la gerezani halina mantiki, na mwanafunzi mwerevu atakuuliza hivyo. Usimkemee, ameona jambo. Mwambie kuwa mtambaji amezipunguza nguvu kimyakimya mahali hapo kwa sababu alitaka kuleta vitu vingine: uaminifu wa mama na kijakazi, ulafi wa walinzi, ushairi kama lugha ya siri, na ngoma ambayo Waswahili wote wanaijua kama furaha ikigeuka kuwa njia ya kutorokea. Hadhira imesamehe, kwa kuwa imepewa kitu kilicho bora kuliko mantiki ya nguvu.

Sasa kifo. Mfalme akishaona kuwa hamwezi Liyongo kwa nje, anamwita mtoto wake wa kuzaa. Anamwahidi kumwoza binti yake na kumpa cheo, ili akamuulize baba siri ya kifo chake. Baba anataja: sindano ya shaba, kitovuni. Mfalme anaitengenezesha sindano, kijana anangoja baba alale, anaitia. Watahiniwa wengi huandika hapa "udhaifu wa Liyongo ulikuwa kitovu". La. Kitovu ni mahali sindano ilipoingia. Udhaifu wa Liyongo ni kuwa alikuwa baba. Mtu ambaye mwili wake haukatiki ana mwana, na mwana hazuiliwi na ngao yoyote. Kitovu chenyewe, ukitafakari, ni alama ya kuzaliwa, ni pale mtu alipofungamana na mwingine kabla hajawa na nguvu zozote. Sitaki kumlazimisha mtambaji maana ambayo labda hakuikusudia, ila mtahiniwa akiitoa hoja hiyo kwa utaratibu, mimi nampa alama.

Na baada ya sindano nguvu zinarudi kwa mara ya mwisho, zikiwa kinyume kabisa na tulivyozizoea. Liyongo anaamka na uchungu, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti akiwa ameuvuta, anakufa vivyo hivyo. Watu wanamwona, hawajui kama yu hai au amekufa, hawathubutu kuteka maji. Mji unakosa maji kwa hofu ya maiti. Mama anaombwa aje ambembeleze mwanawe. Hata alipoanguka ndipo wakajua. Nguvu za kupindukia zilizokuwa kichekesho pale kwa Wagala sasa zimekuwa msiba kwa watu wasio na hatia wenye mitungi mitupu. Mwana naye hakupata alichoahidiwa.

Kwa hiyo, nguvu za Liyongo hazikuharibu hadithi. Ziliilazimisha hadithi itafute pa kuumia penginepo. Kipimo ninachokipendekeza kwa mwalimu na mtahiniwa ni hiki: usiulize shujaa ana nguvu kiasi gani, uliza kama kile anachoweza kukipoteza kinaweza kulindwa na nguvu hizo. Kikiwa kinalindika, hadithi imekufa, hata shujaa awe na nguvu za mtu wa kawaida. Kikiwa hakilindiki, hata awe na nguvu za ndovu kumi hadithi ina uhai.

Mpitishe Lwanda Magere katika kipimo hicho. Huyu wa Waluo, wa Kano, mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya Wanandi ilimteleza. Wanandi wakampa msichana awe mke. Siku ya ugonjwa akamwelekeza mke huyo achanje kivuli chake ili kutia dawa, damu ikatoka, na siri ikavuka mpaka. Mkuki ukapigwa kwenye kivuli. Watambaji wa Kano na wa Lamu, walio mbali hivyo, wamefika mahali pamoja: nyumbani, kitandani, kwa mtu anayeaminiwa. Samsoni katika kitabu cha Waamuzi naye alilazwa magotini pa Delila. Sioni haja ya kutafuta nani aliiga kwa nani. Mwenye kutunga shujaa wa namna hii hana njia nyingi za kupita, na njia hii ndiyo iliyo wazi.

Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi na vijana wetu, ambao wengi wanamjua Superman kabla ya kumjua Liyongo, amwangalie huyo Superman. Waliomwunda, Jerry Siegel na Joe Shuster wa Marekani, walimtoa mwaka 1938 akiwa na nguvu za wastani kwa kulinganisha na leo: alikuwa akiruka juu kama panzi, haelei angani. Miaka ikapita, waandishi wakamwongezea. Akawa anapaa, akawa hapenyeki na chochote. Ndipo ikabidi litafutwe jiwe la kumlegeza, kriptonaiti, lililoanza katika mchezo wa redio mwaka 1943 na kuingia katika vitabu vyake vya picha mwaka 1949. Hiyo ndiyo sindano ya shaba, ila imekuja kwa kuchelewa na imeletwa na maadui kutoka nje. Jiwe halina uhusiano wowote na moyo wa shujaa. Hapo ndipo ninapoona watambaji wetu waliwashinda: sindano ya shaba peke yake ingekuwa hila ya kiufundi tu, nao wakaiweka mkononi mwa mtoto.

Lazima nikubali kuwa ziko tungo zinazokaidi kipimo changu. Tendi za vita, kama Utenzi wa Rasi'lGhuli uliotungwa na Mgeni bin Faqihi, zinamsimulia Ali akipigana na hadhira haina shaka hata kidogo kuwa atashinda. Wala haitaki kuwa na shaka. Zilisomwa kwa sauti, kwa mahadhi, mbele ya watu waliokuwa wakijua mwisho, na raha yao ilikuwa katika kuusikia ushindi ukipambwa. Ukizihakiki kwa kutafuta taharuki utaziona zimepwaya, na kosa litakuwa lako. Mwalimu awe mwangalifu hapa asiwafundishe wanafunzi kuwa kila utungo huishi kwa taharuki. Utenzi wa sifa huishi kwa sifa.

Upande wa pili wa mizani tunao wahusika wasio na nguvu. Sungura ni mfano mwepesi, na watambaji huzalisha visa vyake bila kikomo kwa kuwa kila mnyama ni mkubwa kwake. Lakini kumbuka kuwa Sungura akizidi kuwa mjanja, akawa hadanganyiki, ngano humletea Kobe amnase kwa ulimbo. Akili ikipindukia nayo ni nguvu, nayo huhitaji kufungwa breki. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo alipomuunda Bwana Msa, mpelelezi ambaye takriban hakosei. Akampa mwandani, Najum, ambaye huona yale tunayoyaona sisi na kukanganyikiwa kama sisi. Tungekaa ndani ya kichwa cha Bwana Msa, kitabu kingekwisha katika sura ya pili.

Hapa Mombasa tuna shujaa wa utenzi asiye na muujiza wowote. Al-Akida Muhammad bin Abdallah alikuwa mkuu wa askari katika ngome, akamwasi Sultani Barghash wa Unguja, akajifungia ndani ya kuta zile ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593. Mnamo Januari 1875 manowari za Waingereza ziliipiga ngome mizinga, akasalimu amri. Abdallah bin Masud wa ukoo wa Mazrui alimtungia utenzi. Ukimweka Al-Akida kando ya Liyongo, utaona tofauti inayofaa kufundishwa: huku hakuna siri ya mwili wala sindano, kuna mtu, cheo, ugomvi na hesabu mbaya ya nguvu za wengine. Wanafunzi wanaopita Ngomeni kila siku wakielekea Ndia Kuu huona ajabu kuambiwa kuwa utenzi ulitungwa juu ya ukuta huo wanaouegemea. Lakini je, utenzi huo ni rahisi kuliko wa Liyongo? Kwa mwanafunzi, hapana. Unadai ajue siasa za mji, nani alikuwa liwali, nani alikuwa upande wa nani. Udhaifu wa shujaa haurahisishi chochote. Unahamisha mzigo kutoka kwenye ubunifu hadi kwenye maarifa. Mekatilili wa Menza ni vivyo hivyo. Aliwaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa Kisii, akatoroka akarudi kwao. Hakuwa na mwili wa jiwe, na ndiyo maana kila hatua ya safari hiyo ina uzito.

Baina ya pande hizo mbili kuna mfano ninaouona kuwa mgumu na mzuri kuliko yote, nao ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Mwandishi anashughulika na Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ambapo watu waliamini kuwa maji yangewakinga na risasi. Nguvu za shujaa hapa hazijulikani kiasi chake. Watu wanaziamini kuliko anavyoziamini mwenyewe. Kinjeketile anajua kuwa neno lake limewaunganisha waliokuwa hawaungani, na anajua pia kuwa neno hilohilo litawapeleka mbele ya bunduki. Mwisho anakataa kuyakana maji, kwa kuwafikiria watakaokuja baadaye. Hakuna adui anayehitaji kuitafuta sindano. Sindano ni ile imani yenyewe. Hussein hakupunguza nguvu wala hakuziongeza. Alizitia shaka, na shaka hiyo ikawa ndiyo tamthilia.

Waliosoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) watakumbuka kuwa mwandishi huyo amekichukua kisa cha Liyongo na kukifanya cha siasa ya zama zetu. Mwelusi wa Butangi anapambana na Mtemi Bokono, na uzito umeondoka kwenye misuli ukaenda kwenye maneno na msimamo. Kisima kimebaki. Swali zuri kwa darasa la juu ni kwa nini kisima kilibaki ilhali kinu, panda na mawe ya kusagia havikubaki.

Tukija kwenye mtihani, maswali ya mighani kwa kawaida hudai sifa za shujaa zikitolewa mifano. Mtahiniwa asiandike "alikuwa na nguvu nyingi" akanyamaza. Aongeze nguvu hizo zinafanya kazi gani katika msuko: zinaanzisha hofu ya mfalme, hofu inazaa hila, hila inatafuta mlango usiolindwa. Hoja tatu zilizofungamana hivyo humshawishi msahihishaji kuliko sifa kumi zilizopangwa kama bidhaa dukani. Katika insha ya kubuni, anayependa shujaa wake aruke na aruke; ila kwanza aandike kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa karatasi, jina la mtu mmoja ambaye shujaa huyo hawezi kumnyima kitu.

Kwa walimu, ninayo kazi ya kipindi kimoja ambayo imenifaa. Wagawe wanafunzi katika makundi, kila kundi lisimulie kisa cha Liyongo likiwa limeondoa kitu kimoja: kundi la kwanza liondoe sindano, la pili mkate wa wishwa, la tatu mwana. Makundi mawili ya kwanza huwa hayakwami sana. Wa sindano hutafuta sumu au moto. Wa mkate humtuma Saada na tupa nyweleni. Kundi lisilo na mwana ndilo hukaa muda mrefu likinong'onezana. Wakati fulani moja lilimtumia rafiki yake, jingine likamtumia mama, na darasa zima likapiga kelele kuwa mama hawezi.